Pakiti Mpya Iliyochelewa: Hesabu ya Siku kwa Watumiaji wa Vidonge vya Majira

Ichukuliwe hali ya mama mmoja mwenye umri wa miaka 26 na watoto wawili, anayetumia vidonge vya majira kwa mwaka wa pili sasa. Jumatano alimeza kidonge cha mwisho cha pakiti yake, na Alhamisi alitakiwa kufungua pakiti mpya. Alfajiri ya Alhamisi ikaja simu ya msiba kutoka kijijini kwao. Akajifunga kitenge, akambeba mtoto mdogo, akapanda basi. Pakiti mpya hakuwa nayo, kwa kuwa ile aliyoimaliza ndiyo ilikuwa ya mwisho kati ya tatu alizopewa. Alirejea Jumamosi jioni. Jumapili kliniki ya uzazi wa mpango haikuwa wazi. Jumatatu asubuhi yuko kwenye benchi la zahanati, na swali lake ni fupi: aanze leo, au asubiri hedhi nyingine?

“Shikamoo, sista.”

“Marahaba, mama. Karibu, keti.”

“Majira yangu yalikwisha, nimechelewa kuja kuchukua mengine. Nilikuwa msibani.”

“Pole sana kwa msiba. Kidonge cha mwisho ulimeza lini?”

“Jumatano.”

“Kilikuwa cheupe au cha kahawia?”

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua yote yanayofuata, na ndilo linalosahaulika kwa wepesi katika kliniki yenye foleni ndefu. Pakiti nyingi zinazotolewa zahanati zina vidonge 28. Vidonge 21 vya kwanza, vyeupe au vya rangi hafifu, ndivyo vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Vile 7 vya mwisho, vya kahawia, huwa na madini ya chuma au havina dawa yoyote. Kazi yake ni kumfanya mtumiaji asiache mazoea ya kumeza kila siku. Kwa hiyo mama aliyemeza kidonge cha kahawia Jumatano alikuwa tayari amekaa siku 7 bila homoni kufikia jioni ya siku hiyo. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinaongeza 4. Mwili wake umekaa siku 11 bila homoni, ingawa yeye mwenyewe, kwa haki kabisa, anahesabu siku 4.

Lau angejibu kwamba kidonge cha Jumatano kilikuwa cheupe, cha 21, hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Hapo angekuwa katika siku ya 5 ya mapumziko ya kawaida, na angeanza pakiti mpya siku hiyo bila hofu yoyote. Siku zilezile, basi lilelile, msiba uleule. Tofauti ni rangi ya kidonge.

Ili kuelewa kwa nini siku hizo zina uzito, yafaa kutazama vidonge hivi vinafanya kazi gani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Kila mwezi tezi hii hupeleka homoni kwenye ovari, na kwa amri hiyo vijifuko vyenye mayai machanga huanza kukua, mpaka kimoja kiwapite wenzake na kulitoa yai lililopevuka. Homoni za kidonge, zikifika kila siku, huituliza tezi hiyo isitoe amri. Vijifuko vinabaki vidogo, yai halipevuki. Pamoja na hayo, ute wa mlango wa kizazi huwa mzito na kuzizuia mbegu za mwanamume zisipite.

Homoni zikikatika, tezi haibaki imelala. Ndani ya siku chache huanza kuamka, na vijifuko huanza tena kukua. Mwisho wa siku 7 za mapumziko, baadhi ya wanawake tayari huwa na kijifuko kilichofikia ukubwa wa kutia mashaka, lakini kidonge cha kwanza cha pakiti mpya hufika kwa wakati na kukizuia. Mapumziko ya siku 7, kwa maneno mengine, ni muda uliopimwa ukingoni. Ukiurefusha kwa siku kadhaa, kijifuko kinaweza kuendelea hadi yai kutoka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watumiaji wengi, na wahudumu wasio wachache, hulielewa kinyume. Kidonge cha hatari zaidi kukikosa si kile cha katikati ya pakiti. Anayesahau kimoja siku ya 11 amekwisha kuituliza tezi kwa siku 10 mfululizo, na pengo la siku moja haliiamshi. Kidonge cha hatari ni cha kwanza cha pakiti, na kinachofuatia kwa hatari ni cha mwisho kabla ya vile vya kahawia, kwa sababu vyote viwili huurefusha muda ambao tayari mwili hauna homoni. Kuchelewa kuanza pakiti, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo kuliko kusahau vidonge, ndiko kusahau kuliko kubaya.

Wala siku 7 hizo hazikudaiwa na mwili. Vidonge vya kwanza viliporuhusiwa nchini Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba mwaka 1960, vilikuwa tayari vimepangiwa mapumziko, ili mwanamke apate damu kila mwezi na aone kwamba mwili wake unakwenda kama ulivyozoea. Damu hiyo si hedhi ya kweli. Ni ukuta wa mji wa mimba kudondoka kwa kukosa homoni. Mwaka 2019 wataalamu wa afya ya uzazi wa Uingereza, katika mwongozo wao wa vidonge vya homoni mbili, walieleza kwamba mapumziko ya siku 7 hayana faida ya kiafya, na kwamba mwanamke anaweza kuyapunguza kuwa siku 4 au kuyaacha kabisa. Na hata umbo la pakiti lina asili yake katika usahaulifu. Katika miaka ya mwanzo vidonge vilikuja vimechanganyika ndani ya chupa. Mhandisi mmoja wa jimbo la Illinois, David Wagner, aliyekuwa akibishana na mkewe kama kidonge cha siku hiyo kimemezwa au la, alianza kwa kuvipanga juu ya karatasi iliyoandikwa majina ya siku, kisha akabuni kasha lenye kuonyesha siku. Hataza yake ilitolewa mwaka 1964. Shida ya mama wa Jumatatu ina umri sawa na kidonge chenyewe.

Sasa hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma unazigawa hali za kuchelewa pakiti katika makundi mawili. Aliyechelewa siku 1 au 2 anaanza mara anapokumbuka, anaendelea kila siku kama kawaida, na hatari ya mimba ni ndogo mno au haipo. Aliyechelewa siku 3 au zaidi naye anaanza mara moja, lakini anatumia kondomu au anaepuka kujamiiana kwa siku 7 zinazofuata. Na kama alijamiiana ndani ya siku 5 zilizopita, afikiriwe kupewa vidonge vya dharura. Miongozo ya Marekani na ya Uingereza ni mikali zaidi kidogo: yenyewe huanza kudai kinga ya ziada kuanzia kuchelewa kwa siku 2, yaani pale pengo lisilo na homoni linapofika siku 9. Mhudumu hufuata mwongozo wa taifa lake. Mtumiaji aliye nyumbani, mbali na mhudumu, na asiyejua kama amechelewa siku 2 au 3, hana hasara akifuata hesabu iliyo kali. Kondomu za wiki moja ni mzigo mdogo kuliko mimba isiyotarajiwa.

Siku 7 za kinga ya ziada nazo hazikuokotwa hewani. Vidonge 7 vya homoni vikimezwa mfululizo ndivyo vinavyotosha kuituliza tena tezi kwa kiwango cha kuaminika. Ndiyo maana kinga haihesabiwi tangu siku mtu alipokumbuka, wala tangu siku alipofika kliniki, bali tangu siku alipomeza kidonge cha kwanza, na ni sharti vyote 7 vimezwe bila kuruka.

Neno “siku” lenyewe linahitaji uangalifu. Aliyetakiwa kuanza Alhamisi akaanza Ijumaa amechelewa siku 1, si 2. Na kwa Waswahili wa mwambao kuna mtego mwingine: kwa wazee wengi siku huanza magharibi, jua linapozama, hivyo “usiku wa Jumatatu” ni ule wa kuamkia Jumatatu, ambao vijana wa shule na kalenda ya ukutani wataita Jumapili usiku. Mhudumu akimwambia mama “anza usiku wa Jumatatu”, wawili hao wanaweza kuachana mlangoni kila mmoja akiwa na siku yake kichwani. Ni bora kusema “Jumapili baada ya chakula cha jioni”, au kuweka alama kwenye kalenda mbele ya macho yake. Pakiti nyingine zimechapishwa majina ya siku kwa lugha za kigeni, kwa vifupisho. Kwa asiyezisoma, mshale unaoonyesha mwelekeo una manufaa zaidi kuliko maandishi, na kidole cha muuguzi kikifuatana na mshale huo kwa dakika moja hufanya kazi kubwa.

Chumbani, sista anauliza swali la pili, kwa sauti ya chini kwa kuwa pazia ni jembamba.

“Tangu Jumatano ile, wewe na baba watoto mmekutana?”

“Jumamosi, niliporudi.”

Ni usiku wa Jumamosi, na sasa ni Jumatatu asubuhi: takriban saa 36. Mama huyu yumo ndani ya muda wa vidonge vya dharura, ambavyo mitaani na katika maduka ya dawa hujulikana zaidi kwa jina la P2. Dawa iliyomo, levonojestreli, hutolewa kwa jumla ya miligramu 1.5 kwa mara moja. Hufanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyomezwa mapema. Inaweza kutolewa hadi siku ya 5, lakini nguvu yake hupungua kwa kila siku inayopita, hasa baada ya saa 72. Hufanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na haimdhuru mtoto ikiwa mama alikuwa na mimba bila kujua. Maelezo haya mawili yanafaa kutolewa hata kama hayakuulizwa, maana hofu ya “kutoa mimba” huwafanya wanawake wengine waipokee dawa na kwenda kuitupa njiani. Ipo pia njia yenye nguvu zaidi kuliko vidonge, nayo ni kitanzi cha madini ya shaba kikiwekwa ndani ya siku hizo 5. Humkinga papo hapo na kuendelea kumkinga kwa miaka 10 au zaidi. Kwa mama aliyechoka na hesabu za vidonge, huenda hiyo ndiyo fursa.

Akichagua vidonge vya dharura vya levonojestreli, anaweza kumeza kidonge cha kwanza cha pakiti mpya siku hiyohiyo. Hapaswi kusubiri. Ikiwa aliyopewa ni dawa ya dharura ya aina nyingine, ulipristali, kanuni inabadilika: vidonge vya majira vianze baada ya siku 5, kwa sababu homoni za vidonge hivyo zinaweza kuidhoofisha dawa hiyo. Mhudumu wa duka la dawa anapaswa kuijua tofauti hii sawasawa na muuguzi, kwa kuwa yeye ndiye anayefikiwa usiku na siku za mapumziko.

Makosa yanayofanywa nyumbani baada ya kuchelewa yanafanana mno, na karibu yote hutoka katika fikra yenye mantiki yake. La kwanza ni kulipa deni: mtu amekosa siku 4, basi anameza vidonge 4 kwa pamoja. Havirudishi siku zilizopita. Huleta kichefuchefu, na pakiti inaisha mapema. Anayechelewa kuanza pakiti anaanza na kidonge cha kwanza, kimoja, kisha kimoja kila siku. Wala haruki vidonge vinne ili awe sawa na majina ya siku yaliyochapishwa. Siku yake ya kuanza pakiti imehama tu, kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, na kuanzia hapo pakiti zote zitaanza Jumatatu.

La pili ni kusubiri. Wapo wanaosubiri hedhi ianze ndipo wafungue pakiti, na damu isipotokea wanakaa wiki nzima, wiki mbili, wakiamini kwamba kumeza bila kuona damu ni kosa. Wapo wanaoona damu lakini wanasubiri ikome, kwa namna ileile wanavyosubiri tohara kabla ya kurudi kwenye ibada. Kidonge hakina sharti hilo. Siku ya kuanza ikifika, pakiti inafunguliwa, damu iwepo au isiwepo, imalizike au isimalizike. Mama asiyeona damu na mwenye wasiwasi wa mimba ana haki ya kupimwa, lakini apimwe huku ameanza, asiache pengo likue wakati anautafuta uhakika.

La tatu ni kuanzia upande usio wake: kufungua pakiti mpya na kumeza kwanza vile vya kahawia. Aliyefanya hivyo ameongeza siku nyingine zisizo na homoni juu ya zile 7 zilizopita. La nne, na huenda ndilo lenye mizizi mirefu kuliko yote, ni “kuupumzisha mwili”. Shangazi au jirani humshauri mtumiaji wa miaka miwili aache mwezi mmoja ili “dawa itoke mwilini”. Dawa haijilimbikizi. Homoni za kidonge hutoka mwilini kwa siku chache, jambo ambalo ndilo hasa linaloifanya pakiti iliyochelewa kuwa hatari. Hakuna ushahidi wa kitabibu unaodai mapumziko ya namna hiyo, na anayeyachukua bila njia nyingine ya kinga anajiweka katika mwezi wa uzazi kamili.

Swali linaloulizwa kwa woga zaidi hufuata hapo: je, kama mimba imekwisha kutunga na mama akaendelea kumeza? Jibu linaweza kutolewa kwa uthabiti. Vidonge vya majira vilivyomezwa kwa kutojua mwanzoni mwa mimba havisababishi ulemavu wa mtoto wala mimba kuharibika. Vikigundulika hivyo, vinaachwa, na mama anaanza kliniki ya wajawazito.

Yote yaliyosemwa hadi hapa ni ya vidonge vya homoni mbili. Mama anayenyonyesha mtoto mchanga mara nyingi hupewa aina nyingine, yenye projestini peke yake, na kwake hesabu haina siku bali saa. Pakiti yake haina vidonge vya kahawia wala mapumziko. Kinachomezwa leo ni cha mwisho cha pakiti ya zamani, kinachomezwa kesho ni cha kwanza cha mpya. Kwa vidonge vya kawaida vya aina hii, kuchelewa kwa saa 3 tu ni sawa na kukosa; kwa vile vyenye desojestreli, muda huo ni saa 12. Aliyepitisha muda huo anameza mara moja, na kama amekwisha kurudia kuona hedhi, anatumia kinga ya ziada kwa siku 2, na akiwa alijamiiana ndani ya siku 5 zilizopita anaweza kufikiriwa kupewa dawa ya dharura. Ananyonyesha kikamilifu na hajaona hedhi? Kunyonyesha kwenyewe kunamwongezea ulinzi. Tatizo huzuka pale mhudumu anapomkabidhi pakiti ya aina hii kwa maelezo ya aina ile, au pale mama anapobadilishiwa aina kwa sababu iliyozoeleka imekwisha stoo, bila kuambiwa kwamba kanuni nazo zimebadilika.

Mwezi wa Ramadhani huleta mfano bora wa saa hizo. Mama aliyezoea kumeza saa mbili asubuhi hawezi tena kumeza saa hiyo akiwa na saumu. Mwenye vidonge vya homoni mbili anaweza kuhamia daku bila tatizo, kwa kuwa kumeza mapema hakudhuru. Akihamia baada ya futari, anachelewa kwa takriban nusu siku mara moja, nayo haifikii hata kidonge kimoja kilichokosekana. Mwenye projestini peke yake ahamie daku, si futari.

Kutapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza kunahesabika kama hakumeza, hivyo arudie kingine. Kutapika au kuharisha kunakozidi siku 2 kunashughulikiwa kama kukosa vidonge 3. Na anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, au kifafa kwa karbamazepini au fenitoini, atafutiwe njia nyingine hata akiwa hakosi kidonge, kwa kuwa dawa hizo huzipunguza homoni mwilini.

Takwimu za vidonge hivi husomwa vibaya mara kwa mara. Wanawake 100 wakivitumia kwa mwaka mmoja bila kosa lolote, wanaopata mimba hawafiki hata mmoja. Ni kama 3 katika kila 1,000. Katika matumizi ya kawaida ya watu wa kawaida, wanaosafiri, wanaougua na wanaofiwa, ni kama 7 katika 100. Tofauti kati ya namba hizo mbili kwa sehemu kubwa haimo katika kidonge. Imo katika siku ambazo hakikumezwa. Lakini itakuwa dhuluma kuyaita yote usahaulifu. Mama wa Jumatatu hakusahau. Hakuwa na cha kumeza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtumiaji apewe pakiti za kutosha hadi mwaka mzima, yaani 13, kwa kadiri anavyotaka na stoo inavyoruhusu. Kumpa tatu kwa wakati mmoja ni kumtengenezea, kwa mwaka, mara nne za kuvuka daraja moja: daraja la nauli, la mvua, la foleni, la msiba, la mwajiri asiyetoa ruhusa. Katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu kujihudumia kiafya, shirika hilo pia lilishauri vidonge vya uzazi wa mpango vipatikane bila sharti la cheti cha daktari. Hofu inayotajwa ni kwamba mama asiporudi hatapimwa presha. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa presha ya juu, uvutaji sigara baada ya miaka 35 na historia ya damu kuganda kwenye mishipa ni sababu za kutotumia vidonge vya homoni mbili; lakini kipimo cha presha kinaweza kufanyika siku na mahali popote, na hakuna ulazima wa kukifunga pamoja na pakiti kana kwamba ni dhamana.

Lipo pia kundi lisilosema sababu yake. Mwanamke anaficha pakiti ndani ya unga, ndani ya kanga zilizokunjwa, kwa dada yake jirani. Mama mkwe akija kukaa wiki mbili, pakiti haifikiki. Kwa huyu, ushauri wa kuweka kengele ya simu au kuiweka pakiti kando ya mswaki haufai kitu, na unaweza kumponza. Anahitaji mhudumu atakayeuliza kwa upole, “Nyumbani unaiweka wapi?” kisha akalisikiliza jibu. Sindano ya miezi mitatu, vijiti vinavyowekwa mkononi kwa miaka 3 au 5, au kitanzi, vyote havina pakiti ya kuficha. Uamuzi unabaki kuwa wake, na kuchelewa kwake mara ya tatu si kosa la kukaripiwa mbele ya foleni. Aliyekaripiwa hatasema ukweli mara ya nne, na hesabu yoyote inayojengwa juu ya tarehe ya uongo itakuwa ya uongo.

Sista amemaliza kuandika. Mama amechagua kubaki na vidonge kwa sasa, kuhusu kitanzi atazungumza na mumewe. Amemeza dawa ya dharura palepale kwa maji ya kikombe, na kidonge cha kwanza cha pakiti mpya atakimeza leo jioni, saa mbili, taarifa ya habari inapoanza redioni. Kwenye kalenda ndogo ya kadi yake zimezungushiwa siku 7, kuanzia leo Jumatatu hadi Jumapili. Hizo ni za kondomu, na amepewa. Jumatatu inayofuata, kama hajaruka hata kimoja, kinga ya kidonge imerudi. Wiki tatu kamili tangu Jumamosi ile, akitaka uhakika, apime mkojo. Na akifika kwenye vidonge vya kahawia asione damu, apime hata kama alikuwa hakutaka.

“Na nikisafiri tena, sista?”

Sista amefungua droo. Pakiti zilizobaki si nyingi, na nje kuna akina mama wengine kumi na wawili. Anahesabu, anasita, anazifunga sita kwa mpira wa noti.

“Moja ikae kwenye mkoba, mama. Usiitoe.”